Mwaka Nilioombwa Maoni

Redio ilipotangaza kwamba Evarist amefariki nilikuwa uani napepeta ulezi. Mtangazaji alisoma wasifu mrefu: alikuwa mshauri wa viongozi, mtu wa mikakati, bingwa wa kampeni, na juu ya yote, alisema, mtu aliyejua kuwasikiliza wananchi wa chini. Nikaweka ungo chini, nikacheka peke yangu kama mwehu, kisha kicheko kikanikauka. Siku mbili baadaye binti yake akanipigia simu kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo mama," akasema kwa sauti ya upole ya mtu aliyelia hadi akachoka. Alikuwa amekuta jina langu, Skolastika, bibi shamba, kwenye daftari la baba yake, chini ya neno Ufipa, na familia ilikuwa inakusanya kumbukumbu za watu waliofanya naye kazi. Je, ningeweza kuandika ukurasa mmoja? Nikamwambia nitaandika. Nimekaa na kalamu wiki nzima na ukurasa huo haukuandikika, kwa sababu mtoto hakunikosea lolote, na sikutaka kumpelekea msibani mzigo wa mwaka ule. Mzigo wenyewe si wa baba yake peke yake. Sehemu yake kubwa ni yangu, na ndiyo hii ninayoiandika hapa.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, bibi shamba wa Mwimbi na vijiji vya jirani, nina baiskeli ya serikali isiyo na breki ya nyuma na chumba cha kupanga nyumbani kwa mjane mmoja. Chumba hicho nakiona hadi leo: kitanda cha kamba, picha ya Bikira Maria, debe la maji, na dirisha lisilofungika vizuri, ambamo upepo wa Ufipa uliingia bila hodi. Mambo yalikuwa yamebadilika haraka mno. Ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, ushirika uliokuwa ukinunua mahindi umekufa kifo cha polepole, na badala yake walikuja wafanyabiashara na malori yao, wakapanga bei wakiwa wamekaa ndani ya gari, kioo nusu. Serikalini kulikuwa na neno moja tu midomoni mwa watu: kupunguzwa. Kila baada ya muda orodha ilibandikwa ubaoni, na ukikuta jina lako basi kazi imekwisha. Wenzangu wawili niliosoma nao chuo walikuwa wamekwisha kurudi kwao kulima. Niliogopa ubao ule kuliko nilivyoogopa chatu, na sioni aibu kusema hivyo, maana bila hofu hiyo hamtaelewa yaliyofuata.

Rafiki yangu mkubwa mwaka ule alikuwa Kabula, mkwe wa Mzee Shija, Msukuma aliyekuwa amehamia upande wetu na ng'ombe wake miaka michache kabla. Kabula aliniletea maziwa ya mgando kila Jumanne, anaingia bila kubisha, anakaa kitandani kwangu, ananisalimu kwa Kisukuma na kuanza kunitania. "Mwangaluka, bibi shamba! Bado hujaolewa tu? Njoo kwetu, tuna ng'ombe wengi, watakutosha." Tulikuwa rika moja, yeye ana watoto watatu, mimi nina vyeti vitatu, na kila mmoja aliona mwenzake ndiye aliyefaidi. Ugomvi wa ng'ombe na mashamba ulikuwepo, siwezi kuficha. Sisi Wafipa mvua zinapokaribia kwisha tunakata nyasi, tunazifukia chini ya udongo katika matuta makubwa ya mviringo, tunayaita ntumba. Nyasi zinaoza humo kiangazi chote, na mvua zinaporudi tunayavunja matuta, tunayatandaza, tunasia ulezi. Sasa mgeni kutoka Usukumani akipita kiangazi anaona nini? Anaona vilima vya udongo na majani makavu, hakuna mmea hata mmoja, anadhani ni shamba lililotelekezwa. Anaachia ng'ombe. Mwenye shamba akija anakuta chakula chake cha mwakani kimekanyagwa hadi kikawa sawa na barabara.

Lakini kulikuwa na utaratibu, na ndio niliojivunia zaidi katika kazi yangu yote. Mzee Leonsi, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa amekanyagiwa matuta na ng'ombe wa Mzee Shija katika mwaka wao wa kwanza. Badala ya kupelekana mahakamani, Mzee Shija alikuja asubuhi na familia nzima, kila mtu na jembe lake, wakayainua matuta upya, na ndani yake wakachanganya samadi kutoka zizini. Kiangazi udongo ni mgumu kama tofali, ilikuwa kazi ya siku nne. Ulezi wa Mzee Leonsi mwaka uliofuata ulishinda wa kijiji kizima. Tangu hapo ikawa desturi: ng'ombe wakikanyaga, wenyewe wanarudi na majembe na samadi, wakimaliza wanakunywa pombe ya ulezi kwa aliyekanyagiwa. Ilifika mahali Mzee Leonsi akawa anatania kwamba anawasubiri ng'ombe wa Shija kama watu wanavyosubiri mvua.

Evarist alifika Sumbawanga mwezi mmoja kabla ya mgombea wake wa urais kuja kuhutubia. Alipanga nyumba mtaa wa Malangali na kuigeuza ofisi ya kampeni. Chama chenyewe sikitaji. Wengi wa wale watu wako hai, na mambo ninayoyasimulia yangeweza kufanywa na chama chochote. Alitaka mtu aliyefika kila kijiji, akaambiwa kuna bibi shamba mwenye baiskeli, akaniita. Sebule ile ilikuwa na meza ndefu yenye ramani ya mkoa iliyobanwa pembeni na viberiti, makochi yenye vitambaa vilivyofumwa, na moshi wa sigara usiotoka. Nilikuwa sijawahi kukaa meza moja na watu wa namna ile. Mchana tulikula ugali wa ulezi na migebuka ya kukaanga, na Evarist alichambua miiba kwa utaratibu, anaipanga pembeni mwa sahani, huku akiendelea kuongea. Alikuwa mtu mzuri wa kuzungumza naye, nakiri. Alikuuliza swali kisha akanyamaza kweli, akakutazama, ukajiona una akili kuliko ulivyodhani. Vijana wake wawili kutoka Dar es Salaam walibishana siku nzima humo sebuleni. "Mshikaji, hapa tulete bendi, watajaa." Mwingine akasema huku ni kwa Wakatoliki, ilete kwaya. Evarist akawaambia bila kuinua kichwa, "Bendi na kwaya zinajaza uwanja. Hazijazi sanduku. Rais hachaguliwi na wenye shukrani, anachaguliwa na wenye hasira. Kazi yetu ni kujua hasira yao iko wapi na kumpa mgombea aishike mkononi." Nililisikia lile neno nikiwa nanawa mikono, na niliona ni hekima kubwa. Leo naona ni nusu ya hekima, na hiyo ndiyo hatari yake, maana hasira ukishaitoa nje mtu mwingine ndiye atakayekaa nayo baada ya wewe kupanda gari.

Baada ya chakula siku ya tatu akanifungulia daftari. "Haya, Skola. Nipe jambo moja. Watu wa Ufipa wana hasira na nini?"

"Mbolea," nikasema, bila hata kufikiri. "Mbolea imepanda, haishikiki. Na mahindi hayana mnunuzi wa maana."

Akatabasamu kidogo, akaiweka kalamu chini. "Hilo najua. Hilo ni kweli tupu. Lakini mzee wetu alikuwa serikalini ruzuku ilipoondolewa, na alisimama akaitetea. Akilisema jukwaani litamrudia usoni. Nipe jingine. Nipe hasira ambayo haina sahihi yetu."

Ningeweza kusema sina. Ningeweza kusema barabara, au zahanati isiyo na dawa, ingawa naamini na hayo yangekuwa na sahihi yao. Lakini alikuwa ananitazama na ule ukimya wake, nami nikataka, Mungu anisamehe, nikataka nionekane najua. Nikamweleza ntumba. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mtu yeyote, nikachora kwenye daftari lake tuta lilivyo kabla na baada ya kwato kupita. Akaandika haraka. Akarudia lile neno mara tatu ili alitamke sawasawa. Kisha nikamweleza na ule utaratibu wa majembe na samadi, habari ya Mzee Leonsi na Mzee Shija, jinsi ulezi ulivyoshinda. Nikaona kalamu imesimama.

"Bwana Evarist, hili nalo liandike," nikamwambia. "Ndilo zuri zaidi."

"Ni zuri sana," akasema kwa upole. "Lakini hilo halihutubiki. Watu elfu kumi juani, utawaambia majirani wamepatana? Wataenda nyumbani." Akafunga daftari, akaniuliza kama jina langu limo katika orodha ya watakaopunguzwa. Nikasema sijui, ila naogopa. Akasema atauliza. Panya huuma huku akipuliza, na mimi nilihisi ule upepo wa mdomo tu.

Nimewaona washauri wengi tangu wakati ule, wa wilaya, wa mkoa, wa taifa, na kila wanapokaa kwenye redio kubishana kuhusu mkakati wa kampeni nakumbuka ile kalamu iliyosimama. Watu hudhani mshauri mbaya ni yule anayemdanganya bosi wake. Evarist hakudanganya, kila alichokiandika kilikuwa kweli. Ubaya ulikuwa katika kile alichoacha kuandika. Na kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha: mgombea hushinda au hushindwa, lakini mshauri hashindwi. Baada ya uchaguzi Evarist alipata ofisi serikalini, akawa akishauri, hebu fikirini, juu ya mambo ya ardhi na mifugo. Hakuwahi kulala usiku hata mmoja Mwimbi.

Siku ya mkutano uwanja wa mpira wa Sumbawanga ulijaa. Jua la saa saba, vumbi, watu wametoka hata Msanzi kwa miguu na kwa malori. Mgombea alizungumza juu ya amani, juu ya dini, juu ya shule, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha akanyamaza, akasogea mbele ya jukwaa. "Ndugu zangu, kuna watu wanalisha ng'ombe wao juu ya chakula cha watoto wenu. Wanakanyaga ntumba!" Alilitamka kwa Kifipa kilichonyooka. Uwanja ulilipuka. Wazee walirusha kofia. "Mkinichagua, ntumba zitarudi kwa wenyewe, na wageni watarudi walikotoka!" Niseme kwanza nilichohisi kwanza: nilihisi fahari. Lile neno lilikuwa langu, limetoka kinywani mwangu, sasa linatoka kwenye vipaza sauti na watu wangu wanalia kwa furaha. Fahari ile ilidumu hadi nilipomwona Kabula.

Alikuwa ameketi kandokando ya uwanja na vibuyu vyake, amekuja mjini na lori kuuza maziwa. Mwanamke aliyekuwa anakunywa mbele yake aliitazama kata, akamtazama Kabula, akamwaga yaliyobaki chini, akaondoka. Wengine nao wakasogea mbali. Nikaenda nikachuchumaa karibu naye.

"Dada Skola, ni sisi anaotusema?"

"Ni siasa tu, Kabula. Itapita."

"Lakini nani kamfundisha hilo neno? Mtu wa mjini anajuaje ntumba?"

"Sijui," nikasema.

Haikupita. Wiki haijaisha vijana wa Mwimbi walikuwa wanaimba barabarani kwamba wageni waondoke kabla ya kura. Ng'ombe wa Mzee Shija waliponyoka wakakanyaga tena matuta ya Mzee Leonsi, kama ilivyotokea mara nyingine zote, na kesho yake asubuhi familia ilifika na majembe, kama kawaida yao. Vijana wakawazuia njiani, wakawanyang'anya majembe. Ukaitishwa mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule. Siku moja kabla ya mkutano nilipokea barua fupi kutoka Malangali. Evarist alinifahamisha kwamba jina langu halitakuwemo katika orodha, kwamba kuna nafasi mjini inayonifaa, na kwamba angeshukuru ikiwa hadi siku ya kura hakuna mtaalamu atakayesema hadharani jambo la kupingana na hotuba. Hapakuwa na neno moja la kutisha katika barua ile. Niliisoma nikiwa nimesimama chumbani kwangu, mbele ya kitanda alipozoea kukaa Kabula.

Mkutanoni Mzee Leonsi alikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, kofia magotini. Mzee Shija na wanawe walisimama upande mmoja, Kabula nyuma yao na mtoto mgongoni. Vijana walipiga kelele mpaka mwenyekiti akagonga meza. Yeye mwenyewe hakuweza kuwatetea. Angeitwa kibaraka wa wageni, na uenyekiti wake ulikuwa unaning'inia. Lakini alijua nani angeweza. Akanigeukia.

"Bibi shamba, wewe ndiye mtaalamu wetu. Umeyaona matuta yangu. Yameharibika, hayakuharibika?"

Nikasimama. "Yameharibika, mzee."

Akanitazama. Hakuuliza swali la pili. Alisubiri, na mkutano mzima ukasubiri, na sasa ninavyozeeka najua kwamba alikuwa ameniachia mlango wazi makusudi ili niendelee: kwamba yanatengenezeka, kwamba watu hawa siku zote wamekuja kuyatengeneza, kwamba ulezi mzuri kuliko wote kijijini umetoka kwenye matuta yaliyoinuliwa na mikono yao. Ilikuwa sentensi tatu. Nilizijua kama ninavyoijua Salamu Maria. Nikakaa chini. Mzee Leonsi akavaa kofia yake, na mkutano ukaamua wahame ndani ya siku saba.

Siku ya saba nilikwenda kwao asubuhi na mapema. Zizi lilikuwa limekwisha kubomolewa, masufuria yamefungwa kwenye mkokoteni, watoto wanakimbizana kama vile kuna sherehe. Walikuwa wanakwenda upande wa bondeni, wasikojua mtu. Kabula hakunitania. Akaniambia shida yao moja: kijiji kipya hakitawapokea bila barua ya utambulisho, na Mzee Leonsi, kwa kuwaogopa vijana, amekataa kugonga muhuri. Je, mimi kama mtu wa serikali siwezi kuwaandikia chochote? Nikasema naweza. Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaandika, na kalamu haikusimama hata mara moja. Niliandika kwamba kaya ya Mzee Shija ni watu waungwana. Kwamba kila ng'ombe wao walipokanyaga shamba, walirudi wenyewe bila kuitwa, na majembe na samadi. Kwamba matuta waliyoyainua yalizaa kuliko yaliyokuwa hayajakanyagwa. Kwamba kijiji kitakachowapokea kitapata faida. Nikaweka sahihi na cheo changu. Hakuna atakayeisoma Sumbawanga, nikajua hilo wakati naandika.

Mzee Shija hakujua kusoma. Akamwambia Kabula amsomee. Kabula akasimama katikati ya lililokuwa zizi, mtoto mgongoni, akasoma polepole, na kadiri alivyosoma sauti yake ikazidi kushuka. Alipomaliza, mzee akaichukua karatasi akaitazama kana kwamba naye anaisoma.

"Mwanangu," akasema, "haya maneno ulikuwa nayo siku ile shuleni?"

"Nilikuwa nayo, baba."

Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kama angekuwa nayo. Akaikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti kwa sababu angeihitaji.

"Basi tulikuwa tunawalaumu wale vijana bure," akasema, akaenda kuwaswaga ng'ombe.